Kabla ya kufungua kipimo cha zamani, fikiria moyo wako na watoto wako

KIFAA kimezimwa, waya umechomolewa ukutani na taa yake haiwaki. Wengi wangeamini sasa ni salama kukifungua. Kwa osiloskopu ya zamani, imani hiyo inaweza kugharimu maisha.

Osiloskopu ni kipimo kinachochora mwenendo wa umeme kwenye kioo. Tektronix ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946, ni miongoni mwa kampuni zilizovipa umaarufu vipimo hivyo. Leo wapenzi wa elektroniki hununua vilivyochakaa na kuvifufua nyumbani, na mara nyingi kazi kubwa huwa kubadili kapasita zinazovuja.

Kapasita hutunza chaji ya umeme. Za karatasi huingiwa na unyevu kadiri miaka inavyopita, zikaanza kupitisha umeme zinaopaswa kuuzuia, na kipimo kikatoa majibu ya uongo. Zenye majimaji hukauka, huvimba au hutoa ute unaokula njia za shaba kwenye bodi.

Umeme uliojificha

Kioo cha osiloskopu hizo hutumia maelfu ya volti, na kapasita zinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme ukipita mkono hadi mkono, unapita kifuani na unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ndiyo maana mafundi wazoefu huondoa chaji kwa rezista inayofaa iliyoshikwa kwa vishikio visivyopitisha umeme, kisha huhakikisha kwa mita. Kugusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi hutoa cheche kali. Wanapolazimika kupima kifaa kikiwa na umeme, huweka mkono mmoja mfukoni, na hawafanyi kazi hiyo wakiwa peke yao.

Sumu mezani

Baadhi ya kapasita kubwa za mafuta za zamani zina kemikali za PCB, ambazo Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linazitaja kuwa chanzo cha saratani. Ukiona mafuta yanavuja, vaa glavu, funga kapasita kwenye plastiki na uulize mamlaka ya mazingira pa kuipeleka. Usiichome moto.

Lehemu ya zamani nayo ina madini ya risasi. Moshi unaoonekana wakati wa kulehemu hutoka zaidi kwenye utomvu uliomo, na unaweza kuamsha pumu, fungua madirisha. Risasi yenyewe huingia mwilini hasa kupitia vumbi na mikono michafu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na inaweza kudhuru ubongo wake.

Kwa hiyo, usifanye kazi hii kwenye meza ya chakula. Futa meza kwa kitambaa chenye maji, na unawe kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Mtu akipigwa na umeme

Usimguse kabla ya kukata umeme. Akipoteza fahamu, itisha msaada haraka. Hata akisimama na kusema yuko sawa, kama moyo unakwenda mbio, kifua kinauma au ameungua, mpeleke hospitali.