Taa Zinazopofusha Wenzetu Barabarani



Katika doria zetu za usiku, mara kwa mara tunamsimamisha dereva ambaye taa zake zinawapofusha wenzake. Dereva huyo huapa kwamba amekwisha kuzipunguza. Tukikagua, twakuta asema kweli: kosa haliko katika swichi, bali katika jinsi taa zilivyoelekezwa.

Chanzo kimoja ni mpaka wenyewe. Uganda twaendesha upande wa kushoto. Rwanda huendeshwa upande wa kulia. Taa ya gari lililoundwa kwa barabara zetu, hata ikipunguzwa, huinua sehemu ya mwanga wake upande wa kushoto ili imulike ukingo wa barabara na waendao kwa miguu. Gari hilo likivuka Gatuna, upande wa kushoto ndiko yajako magari mengine, na mwanga ule huwaingia madereva machoni. Gari litokalo Rwanda hutuletea madhara yaleyale.

Chanzo cha pili ni mzigo. Shehena nzito nyuma hudidimiza springi na kuinua pua ya gari, nazo taa huinuka pamoja nayo. Balbu iliyopachikwa vibaya, au isiyolingana na taa, huleta matokeo kama hayo.

Kabla ya safari ndefu, pakia mzigo wako, jaza upepo magurudumu, kisha usimame mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Washa taa za chini. Ukingo wa juu wa mwanga ukutani uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hivi. Magari mengi yana kitufe cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0. Namba ikipanda, mwanga hushuka. Kama hakipo, fundi azirekebishe taa zote mbili kwa skrubu zilizo nyuma yake. Anayevuka mpaka amwulize fundi kama taa zake zina kigeuzi, au zahitaji kibandiko cha kuziba sehemu ile inayoinuka. Arudipo, akibandue.

Na ukipofushwa wewe? Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto, lakini usimjibu mwenzako kwa taa kali, maana mtapishana mkiwa vipofu nyote wawili. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Katika sekunde mbili za upofu, mita 44 zimekwisha pita, na humo huenda yumo mama atokaye sokoni au bodaboda isiyo na taa. Punguza mwendo, tazama ukingo wa barabara ulio upande wako: kushoto ukiwa Uganda, kulia ukiwa Rwanda.

Nanyi mwendao kwa miguu usiku, vaeni nguo nyeupe, na mtembee mkiyakabili magari yajayo.