Sura ya 6: Nyuzi 32 za Segese, Nyuzi 32 za Unguja

Familia ya Segese, Kakola au Kahama inapopanga kuvuka bahari kwenda kutembea Zanzibar, joto huwa jambo la mwisho kuzungumzwa. Kwanza ni nauli, mahali pa kulala, na nani atabaki na nyumba na ng'ombe. Joto tumelizoea, watu husema, na wana haki ya kusema hivyo. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kipimajoto huku Msalala hufika nyuzi 31 au 32, na bado watu wanalima, wanachunga na kushuka maduarani kutafuta dhahabu. Wakisikia kwamba Unguja mwezi Februari nako ni nyuzi 32, wanaona hakuna jipya. Lipo jipya, na anayelifahamu kabla ya kupanda basi ataiona Zanzibar vizuri zaidi.

Jasho hufanyaje kazi

Mwili wa mtu unatakiwa kubaki karibu na nyuzi 37, lakini wenyewe hautulii: aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, na anayetembea hutoa mara mbili au tatu ya hapo. Hewa ikiwa ya baridi kuliko ngozi, joto hilo hutoka lenyewe. Hewa ikikaribia nyuzi 35, ambacho ndicho kiwango cha ngozi wakati wa joto, njia hiyo inakaribia kuziba. Hapo linabaki jasho.

Jasho hupoza mwili linapokauka. Lita moja ya jasho ikikaukia juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, kiasi cha kutosha kuchemsha karibu lita 7 za maji yaliyokuwa kwenye nyuzi 20. Jasho likidondoka chini haliondoi karibu chochote. Mwili umetoa maji na chumvi bure.

Mtungi wa udongo unatuonyesha jambo hili kila siku. Maji hupenya taratibu kwenye udongo, hukaukia upande wa nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Wakati wa kiangazi, mtungi ukiwekwa kivulini Segese hutoa maji ya baridi kabisa. Mtungi huohuo ukipelekwa Mji Mkongwe wa Unguja mwezi Februari, maji yake yatapoa kidogo tu, kwa kuwa hewa ya pale imekaribia kujaa mvuke wa bahari na nafasi yake ya kupokea mwingine ni ndogo.

Wataalamu wa hali ya hewa huipima tofauti hii kwa vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa kilicholowa. Hewa ya nyuzi 32 ikiwa na unyevu wa asilimia 30, kama mchana wa kiangazi wa kanda yetu, kipimajoto chenye kitambaa husoma karibu 20. Unyevu ukiwa asilimia 75, kama pwani, husoma 28. Nyuzi hizo 8 za tofauti ndizo fukuto ambalo mgeni hulisikia mara anaposhuka kwenye feri. Kipimajoto hicho kikifika 35, hata kijana mwenye afya aliyekaa kivulini na maji ya kunywa mkononi hawezi kuhimili zaidi ya saa chache.

Usiku nao una yake. Segese iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa kavu hupoa haraka jua likishatua, ndiyo maana kwetu mtu hujifunika shuka hata mwezi wa joto. Unguja mwezi Februari usiku wenyewe hubaki karibu na nyuzi 25. Mwili uliochoka mchana haupati saa za kupumua, na uchovu wa siku ya kwanza unahamia siku ya pili.

Somo lililotoka kwenye migodi ya dhahabu

Je, mwili hauwezi kuzoea? Unaweza, na elimu hiyo kwa sehemu kubwa ilipatikana kwenye dhahabu. Katika migodi mirefu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, miamba ya chini ilikuwa ya moto, na maji yaliyomwagwa kutuliza vumbi yaliifanya hewa iwe na unyevu mwingi. Wafanyakazi walikufa kwa joto, hasa wageni. Kufikia miaka ya 1930, madaktari wa migodi hiyo walikuwa wameanza kuwazoesha wafanyakazi wapya hatua kwa hatua, siku baada ya siku, kabla ya kuwapa kazi nzito chini.

Mtu anayezoezwa hivyo huanza kutoka jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, jasho lake hupungua chumvi, damu yake huongezeka maji, na moyo haupigi mbio kama mwanzo. Mabadiliko mengi hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Kukamilika huhitaji karibu wiki 2. Hapo ndipo ilipo shida ya msafiri. Familia inayokwenda kutembea kwa siku 5 hurudi nyumbani kabla mwili haujamaliza kujifunza. Kwa kuwa mwili hauwahi kubadilika, ratiba ndiyo inayopaswa kubadilika.

Chagua mwezi, kisha chagua saa

Likizo ndefu za shule zetu ni Juni na Desemba. Desemba hadi Machi ni msimu wa kaskazi, upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na ndio msimu wa joto kali Unguja. Juni masika yamekwisha, kusi inavuma, na usiku hushuka hadi nyuzi 22 au 23. Familia nyingi husafiri Desemba kwa sababu ya sikukuu, na ni haki yao. Lakini mwenye mtoto mchanga au mzee katika msafara, akiweza, achague Juni.

Safari yenyewe inachosha kabla joto halijaanza. Kutoka Kahama hadi Dar es Salaam, kupitia Nzega, Singida na Dodoma, ni takriban kilomita 1,000. Tangu 2024 unaweza kushuka Dodoma na kupanda treni ya umeme hadi Dar, kisha feri kwa saa 2 hivi. Ukifika bandari ya Malindi, Unguja, saa 6 mchana, usianze kutembea siku hiyo. Ogeni, kuleni, laleni. Mji haukimbii.

Siku zinazofuata zigawanywe mara tatu. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi ni wakati wa matembezi ya jua: Changuu, kwa mfano, kisiwa chenye kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, walioletwa mwaka 1919. Unakwenda kwa boti, na jua linakupiga kutoka juu na tena kutoka kwenye maji. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 alasiri muwe ndani au kivulini. Alasiri mpaka usiku ni wakati wa ufukwe na bustani ya Forodhani.

Nchi zenye joto zaidi zimelifanya jambo hili sheria. Katika Falme za Kiarabu, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani zinakatazwa kati ya saa 6:30 na saa 9 alasiri. Kama fundi aliyezoea hatakiwi kuwa juani saa hizo, mtalii aliyefika jana asiwepo kabisa. Hijja ya Juni 2024 ilitupa fundisho zito: Makka ilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Wengi wao walikuwa mahujaji wasio na vibali, waliotembea mwendo mrefu juani bila mahali pa kupumzikia.

Mji uliojengwa dhidi ya jua

Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, unastahili kutazamwa kwa jicho hili. Vichochoro vyake ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo jua hugusa chini kwa muda mfupi tu. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Hupokea joto polepole, na ukiweka kiganja kwenye ukuta wa ndani saa 5 asubuhi utakuta bado una ubaridi. Dari ni za juu, ili hewa ya moto ipande na kuwaacha watu chini. Nje kuna baraza, mahali pa kukaa kivulini na kupunga upepo. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilizungushiwa roshani pana zilizokinga kuta zake zisipigwe na jua. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Tembeeni basi kama mji unavyotaka: upande wenye kivuli, mkipumzika barazani. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, nendeni asubuhi. Vyumba vya chini vinavyoonyeshwa pale ni vifupi na havina hewa. Ni mahali pa kuwasimulia watoto taratibu, maana misafara mingi ya watumwa ilitoka bara kupitia Unyanyembe, nchi ya jirani zetu. Msitu wa Jozani, kwao kima punju, una kivuli kizuri lakini upepo hauingii. Nako pia ni kwa asubuhi.

Mavazi ya heshima ya pwani na mahitaji ya mwili hapa vinakubaliana: kanga, dira, kanzu, pamba nyepesi isiyobana. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu na apakwe losheni ya kukinga jua mara kwa mara, kwani mchanga mweupe hurudisha jua usoni hata akiwa chini ya mwavuli.

Mwendo wa mdogo na wa mzee

Mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko mtu mzima na hutoka jasho kidogo, na akiwa kwenye michezo hatasema amechoka. Bibi na babu wana hatari nyingine: kiu yao hupungua kwa umri, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huwaondolea maji zaidi. Wote wapewe maji kabla ya kuomba. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo. Aliyetoka jasho jingi anywe pia ORS, au lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza na kichefuchefu ni onyo: kivulini, maji, pumziko. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia huku mwili ukiwaka, hicho ni kiharusi cha joto, nacho huua. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na muitishe usafiri wa kwenda hospitali papo hapo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Kwa hiyo mpango wa safari uandikwe kwa kumtazama asiyeweza kukimbia. Bibi akiweza kuiona Changuu asubuhi na kurudi akiwa na nguvu za kukaa Forodhani jioni, hakuna katika familia aliyekosa kitu. Vijana wenye haraka watapata saa zao jua likipungua, na kesho yake wote wataamka wakiwa na hamu ya kutoka tena.