Video ya kamera inarukaruka? Anza na ordinateri

Mwizi ameingia dukani usiku, hapa Marabo. Asubuhi unafungua video: mtu yuko mlangoni, mara moja yuko nje na mzigo, uso haukuonekana. Wengi wanasema kamera imekufa. Mara nyingi si kamera.

Ordinateri inayorekodi kamera nane inafanya kazi mbili pamoja: kuandika picha mpya na kukuonyesha za zamani. Nguvu ikipungua, video inarukaruka. Kwa hiyo nakili kipande hicho kwenye kle, ukiangalie kwenye mashini ingine. Kikitembea vizuri, ordinateri yako njo imelemewa: funga programu zingine, angalia kama diski haijajaa. Kikiruka hata kule, basi kilirekodiwa hivyo. Watu wanapunguza picha mpaka 5 kwa sekunde juu ya kuchunga nafasi, na sinema inapitisha 24. Video ya jana haina dawa tena. Unarekebisha ya kesho. Kwa duka, 12 ao 15 zinatosha.

Tena usichelewe kunakili. Diski ikijaa, mara nyingi mashini inafuta za zamani yenyewe, na polisi watakuta hakuna kitu.