Kuitengeneza Nyumba Kabla ya Kuiuza

Somo letu la leo ni juu ya nyumba ya kuuza.

Wengi husema, "Mnunuzi ataitengeneza mwenyewe." Kweli, ataitengeneza, lakini gharama yake ataikata katika bei yako, tena kwa kukisia, na mwenye shaka hukisia kwa wingi. Doa moja la maji ukutani humfanya adhani paa zima limeoza.

Basi, kwanza, ziba bati linalovuja, ungoje ukuta ukauke. Rangi ikipakwa juu ya unyevu hubanduka. Pili, paka chokaa: huzuia ukungu, na weupe wake huongeza mwanga chumbani. Tatu, nyumba zetu nyingi za pwani zina ukumbi katikati na vyumba kila upande. Toa humo baiskeli na magunia, mgeni aone upana wa nyumba, si wingi wa mali yako.

Lakini kupamba si kuficha. Ufa ulio katika msingi mwonyeshe. Akiugundua mwenyewe, hatasadiki tena hata neno lako la kweli.

Juma lijalo tutaeleza habari za hati. Kwaherini.