Je, Wajua? Mmea Hauioni Taa Unavyoiona Wewe

Je, wajua kuwa sebule yako, hata ukiwasha taa zote, kwa mmea bado ni giza? Jua la saa sita mchana, anga ikiwa safi, hutoa takribani laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Sebule yenye taa usiku huwa na laksi 200 au 300 tu. Wewe huwezi kuihisi tofauti hiyo kwa ukubwa wake kwa sababu mboni ya jicho hupanuka na ubongo hujirekebisha, ukasoma gazeti bila taabu. Jani halina mboni. Linaishi kwa kile kinacholifikia.

Je, wajua kuwa mche unaorefuka upesi karibu na dirisha huenda una njaa? Angalia shina: jembamba, limepauka, na nafasi kati ya jani na jani ni pana. Hapo mche unatumia akiba yake kuutafuta mwanga. Miche ya nyanya ya namna hii huanguka siku ya kuhamishwa, na mbolea haiisaidii hata kidogo.

Je, wajua kuwa Charles Darwin alichunguza jinsi miche inavyouinamia mwanga, pamoja na mwanawe Francis? Katika kitabu chao cha mwaka 1880 juu ya mwendo wa mimea, walieleza jinsi walivyovika ncha za miche ya nyasi vikofia visivyopitisha mwanga. Miche iliyovikwa haikuinama kuelekea kwenye mwanga, ingawa sehemu inayopinda ni ya chini, ambayo ilikuwa wazi. Ncha ndiyo inayohisi, shina hutii. Rangi inayosababisha kuinama huko zaidi ni bluu.

Je, wajua kuwa lumeni zilizoandikwa kwenye boksi la balbu zimepimwa kwa ajili ya jicho la binadamu? Jicho letu huona vizuri zaidi kijani, karibu na nanomita 555, na lumeni huipa rangi hiyo uzito mkubwa kuliko nyingine. Mmea huhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zote zilizo kati ya nanomita 400 na 700, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Ndiyo maana wataalamu wa taa za mimea hutumia kipimo kingine: mikromoli za fotoni zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde. Jua kali la mchana hufikia karibu 2,000. Namba hiyo ndiyo ya kuulizia dukani, pamoja na umbali ambao imepimiwa, maana bila umbali haina maana yoyote.

Je, wajua kuwa si kweli kwamba mmea hautumii kijani? Dhana hiyo ina historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Theodor Engelmann aliupitisha mwanga kwenye prizimu ukaangukia uzi wa mwani, na bakteria wanaopenda oksijeni wakakusanyika zaidi penye nyekundu na penye bluu. Jaribio lilikuwa la werevu mkubwa, lakini wengi wakalichukulia kuwa kijani hakina kazi. Mwaka 1972 Keith McCree alichapisha vipimo vya majani ya aina 22 za mimea, na ikaonekana wazi kuwa kijani nacho huendesha usanisinuru, tena kwa kiwango kizuri. Zaidi ya hayo, kijani hupenya ndani zaidi ya jani na kufika kwenye majani ya chini ambako nyekundu na bluu zimekwisha kunyonywa.

Basi zile taa za zambarau zinazouzwa kila kona zilitoka wapi? Ni mchanganyiko wa LED nyekundu na za bluu, rangi mbili ambazo umbijani huzinyonya zaidi. Zinakuza mimea, hilo halina ubishi. Tatizo lipo kwa mtunzaji. Weka mche wa pilipili hoho chini ya taa hiyo, ugeuze jani na ulitazame kwa karibu: kijani kimekuwa cheusi, doa la njano halionekani, na utitiri mwekundu unaotembea upande wa chini wa jani umepotea machoni. Utakuja kuugundua ukiwa umeshasuka utando wake. Kwa nyumba ya watu, nunua taa nyeupe. Huo ndio uamuzi wangu.

Je, wajua kuwa taa nyeupe ya LED kwa asili ni ya bluu? Ndani yake mna kijiwe kinachotoa mwanga wa bluu, kilichofunikwa na poda ya njano inayobadili sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani, njano na nyekundu. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua LED ya bluu. Kwa hiyo balbu nyeupe ya kawaida, yenye nguvu ya kutosha na ikisogezwa karibu, hukuza mrehani na giligilani bila wasiwasi. Maneno "spektra kamili" kwenye boksi hayana kiwango cha kisheria nyuma yake. Kila kiwanda huyaandika kinavyotaka.

Je, wajua kuwa umbali huua mwanga kuliko kitu kingine chochote? Kwa balbu moja, ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Kutoka sentimita 30 kwenda 60, robo tatu zimekwenda. Taa pana ya paneli au taa ndefu za mstari hupungua taratibu zaidi, ila nazo hupungua. Balbu nzuri iliyofungwa darini, mita mbili juu ya chungu, ni pambo tu kwa mmea. Ishushe. Mboga za majani huridhika na taa iliyo sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, mradi ukipeleka mkono pale usihisi joto kali.

Je, wajua kuwa simu yako inaweza kukupimia? Programu za kupima laksi zipo nyingi, na kwa LED nyeupe, ukigawanya laksi kwa 70 unapata makadirio ya mikromoli. Laksi 7,000 ni kama mikromoli 100. Kwa jua, gawanya kwa 54. Kwa taa ya zambarau usijaribu kabisa, kwani kipima laksi huthamini kijani na taa hiyo haina kijani.

Sasa ongeza saa, hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Mikromoli 100 kwa saa 14 hutoa jumla ya moli 5 hivi kwa siku. Mmea wa kivuli umeshiba. Letusi hutaka 12 au zaidi, maana yake kwa saa hizo hizo 14 simu isome karibu laksi 17,000 pale majani yalipo. Nyanya inayotarajiwa kuzaa hutaka moli 20 na kuendelea, na mchicha ni mmea wa jua kali unaoweza kutumia mwanga mwingi kupita letusi. Anayeahidiwa nyanya sebuleni kwa taa moja ndogo ya kubana mezani anadanganywa.

Je, wajua kuwa ua lililofundisha dunia kulima maua chini ya taa ndani ya nyumba ni mtoto wa Tanga? Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwa baba yake Ujerumani mbegu za kijimea chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau kutoka milima ya Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akakipa jina Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia hiyo. Watu wa milimani waliokuwa wakipishana nacho kila siku hawakuingia kwenye jina. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles ilichagua kutoka kwenye mbegu aina kumi bora, mojawapo ikiitwa Blue Boy, na kuanzia hapo ua likaenea majumbani.

Wapenzi wake Marekani walilipanga kwenye rafu, kila rafu na taa zake za mrija juu, mpaka vyumba vya chini ya nyumba vikawa bustani majira ya baridi. Sababu ya kufaulu kwao iko Usambara kwenyewe. Ua hili huota kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha msitu, kando ya vijito. Limezoea mwanga mchache, na mirija ile dhaifu ikawa inalitosha. Lipe mikromoli 100 hivi kwa saa 10 hadi 12, kisha giza la usiku. Majani yakisimama wima na vikonyo vikirefuka, mwanga ni mdogo. Majani ya katikati yakibanana na kupauka, umezidi. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua bado hulijua kwa jina la zamani. Spishi kadhaa za porini zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu na ziko hatarini kutoweka, jambo ambalo ningependa kila anayeuza chungu chake Dar es Salaam au Nairobi alijue na alisemee.

Jirani yake mwingine wa pwani ni Zamioculcas, mwenye majani mazito yanayong'aa, anayeota kwa asili kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi KwaZulu-Natal. Waholanzi walianza kumzalisha kwa wingi katikati ya miaka ya 1990, na leo anapamba ofisi nyingi. Huyu usimnunulie taa. Dirisha linamtosha.

Je, wajua kuwa mimea huhesabu urefu wa usiku? Mwaka 1920 Wamarekani Garner na Allard walieleza kisa cha tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyokataa kutoa maua kiangazi chote hadi walipoifupishia mchana kwa kuiingiza gizani. Krisanthemamu nayo husubiri usiku mrefu. Huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku karibu hulingana mwaka mzima, kwa hiyo wakulima wa maua wanaotaka ikue kwanza kabla ya kuchanua huikatizia usiku kwa taa. Vietnam hufanya hivyo kwa lengo la kinyume: huwasha balbu usiku kwenye mashamba ya matunda ya draguni ili yachanue nje ya msimu. Balbu hizo hazilishi mmea. Ni ujumbe tu, na mwanga hafifu unatosha kuufikisha. Kwa hiyo poinsetia yako iliyo karibu na taa ya korido inayowaka usiku kucha huenda isigeuke nyekundu kamwe.

Na usiwashe taa saa 24 ukidhani unaharakisha mavuno. Majani ya nyanya yakikaa kwenye mwanga usiokatika hugeuka njano na kuumia. Nunua taima ndogo ya kwenye soketi, uiweke iwashe kwa saa 12 hadi 16 kwa siku, usahau.

Je, wajua kuwa taa iliyoandikwa "wati 1000" huenda inakula wati 100 tu? Wauzaji hujumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila kijiwe cha LED au hulinganisha na taa za zamani. Tafuta wati halisi zinazotoka kwenye soketi. Taa nzuri siku hizi hutoa mikromoli 2.5 au zaidi kwa kila juli moja ya umeme. Balbu ya zamani ya waya haifiki hata 0.5, umeme wake karibu wote huishia kuwa joto. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 14 kila siku hula yuniti 8.4 kwa mwezi. Linganisha na unazonunua, uamue mwenyewe kama rafu ya mrehani inastahili.

Je, wajua kuwa wanaanga walishakula mboga iliyokuzwa kwa taa? Agosti 2015, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, walionja letusi nyekundu iliyokua chini ya LED katika chombo cha NASA kiitwacho Veggie. Pamoja na nyekundu na bluu, chombo hicho kiliwekewa pia LED za kijani, ili chakula kionekane kama chakula.

Tukirudi duniani, walio London wanajua Desemba inavyobana: mchana ni wa saa nane hivi, na jua liko chini. Ndugu unayetaka sukuma wiki kwenye fleti huko, mwanga wa dirisha pekee hautafika, hata kioo kikisafishwa kila wiki. Ukuta mweupe nyuma ya rafu husaidia kurudisha mwanga. Ongeza taa, kisha ongeza na maji kwa kadiri yake, maana mmea wenye mwanga hunywa zaidi. Uliokosa mwanga ukimwagiliwa vilevile huoza mizizi.

Waya wa taa uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme. Ekstensheni isikae chini ya vyungu. Na siku ya kununua, kama boksi halina mikromoli wala wati halisi, mwombe muuzaji aiwashe, shika simu sentimita 30 chini yake, usome laksi hapo hapo. Akikataa kuiwasha, nenda duka la pili.