Likembe Inapotiwa Umeme

Karakana yoyote ya magari mjini Kindu haikosi vitu alivyovihitaji Mawangu Mingiedi kule Kinshasa: sumaku, waya wa shaba, vipande vya chuma. Mingiedi alikuwa mpiga likembe, ala ya ndimi za chuma, na likembe peke yake humezwa na honi za mji. Katika miaka ya 1960 alianzisha kundi la Konono No. 1, na ala zake akazitia umeme kwa sumaku zilizochomolewa kwenye vipuri vya magari makuukuu.

Fizikia yake ni ileile aliyoibaini Michael Faraday mwaka 1831. Ulimi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku iliyozungushiwa waya, uga wa sumaku hubadilika, na umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya. Gitaa la umeme nalo ni hivyohivyo. Ila uzi wa gitaa hutoa, juu ya sauti ya msingi, sauti za mara 2, mara 3, mara 4. Ubapa wa chuma ulioshikwa upande mmoja huruka mara moja hadi mara 6 na kitu, ndiyo maana likembe ina mlio wa kengele.

Sasa iunganishe na kikuza sauti kilichochoka. Kikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, na sauti mpya zisizokuwapo huchipuka. Wahandisi huiita hitilafu. Wapiga roki huinunua kwa pesa nyingi. Konono waliipata bure.

Mwaka 2007 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yao *Live at Couleur Café*, iliyorekodiwa kwenye tamasha la Couleur Café mjini Brussels. Kurekodi kundi la namna hii jukwaani ni mtihani. Ukivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye likembe, unapata sauti safi, na Konono hawamo. Ukiweka maikrofoni mbele ya spika, mkwaruzo unaingia pamoja na ngoma na vifijo, tena umechelewa kama milisekunde 3 kwa kila mita. Zichanganye njia hizo mbili bila kuzilinganisha, na baadhi ya mawimbi yatafutana. Mimi ningeanza na spika.

Anayetaka kujaribu hapo Kindu atafute waya mwembamba sana, auzungushe maelfu ya mara: mizunguko ikiwa michache, volti nazo ni chache. Ndimi ziwe za chuma. Za mwanzi sumaku haizisikii.