Tulivyoitayarisha Boti ya Kuvukia Ngazija

Wengi wenu mliowahi kufika kwetu Mayfair, kwa harusi au kwa msiba, mliiona boti nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, na watoto wakicheza ndani yake. Mwaka huu mhariri amenitaka nieleze ilikwendaje. Nitaeleza, na kosa langu nitalitaja, maana kosa likifichwa humngoja mwingine.

Boti yenyewe ni ya faiba, urefu mita 7, na mashine yake ni Yamaha ya farasi 40, ya aina ile ya kuchanganya petroli na oili. Mpwa wangu, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg, alitaka kuipeleka Moroni kwa jamaa za bibi yake, akafanye uvuvi. Boti ingekwenda kwa lori hadi Mtwara, na kutoka hapo ivuke bahari, yapata maili 200 za baharini. Dada yangu aliniambia neno moja tu: "Kaka, mwanangu nimekukabidhi wewe. Sikuikabidhi bahari."

Tukaanza kazi. Tulipiga marufuku petroli isiyopita kwenye chujio la kutenga maji. Tulinunua plagi za akiba, propela ya akiba, dira mbili, jaketi za kuelea, na kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, kwa kuwa redio ya boti ndogo haifiki mbali. Tulichukua na mashine ndogo ya farasi 15, ya dharura. Vipande vya magnesi vinavyokinga mashine isiliwe na kutu katika maji baridi tulivitoa tukatia vya zinki, maana magnesi katika maji ya chumvi huyeyuka upesi. Madumu tuliyafunga imara sakafuni. Mwaka 1902 nahodha Newman na mwanawe walivuka Atlantiki kutoka New York hadi Falmouth kwa boti ya mafuta ya taa, siku 36, na shida yao kubwa ilikuwa matangi kuvuja.

Majaribio tulifanyia Bwawa la Vaal, kusini mwa jiji. Mashine ililia vizuri, na lita moja ilitupa karibu maili moja. Mpwa wangu akapiga hesabu: lita 200 za safari na 100 za akiba. Nami nikaikubali.

Mwisho wa Oktoba 2022 tulikuwa Mtwara. Kusi lilikuwa limelegea na kaskazi halijashika, bahari imetulia. Hatukutaka kuchelewa tukaingia miezi ya vimbunga. Wote tunakikumbuka kile cha Kenneth, Aprili 2019, kilichopita kaskazini ya Ngazija kikaangukia Cabo Delgado.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka. Jioni tuliizungusha boti ghubani, ikaruka kama samaki. Mpwa wangu akacheka, "Mjomba, mashine imependa bahari!" Mimi ule mlio haukunipendeza. Nikafungua plagi. Badala ya rangi ya kahawia, ilikuwa nyeupe kama majivu.

Hapo nikakumbuka. Miaka mingi nyuma, kwa mikono yangu, nilitia katika kabureta jeti ndogo. Vaal iko karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mafundi wa huku hupunguza petroli ilingane nayo. Pwani hewa ni nzito, petroli ikawa haitoshi. Na katika mashine hii petroli ndiyo inayobeba oili. Ingekwenda kwa raha saa mbili au tatu, kisha pistoni ingeungua na kukwama, nchi kavu haionekani.

Nilimwambia haondoki mtu. Kijana alikasirika, tukalala hatusemezani. Jeti za pwani zilichukua siku tano kufika kutoka Dar es Salaam. Siku hizo tulipima upya, safari hii kwa mzigo kamili: watu wawili, maji, chakula na madumu yote. Lita moja ikatupa robo tatu ya maili tu. Tena nahodha wa Mtwara aliyekubali kufuatana naye alitukumbusha kwamba mkondo wa pale hutoka mashariki, utawapinga njia nzima. Tukapakia lita 400, madumu 20, na lita 8 za oili.

Waliondoka saa nane mchana, ili wafike mchana. Mimi nilibaki Mikindani na tasbihi mkononi. Kesho yake, saa sita na ushei, simu ikalia. "Mjomba, tumefika. Zimebaki lita 70."

Nilikaa chini. Walitumia lita 330. Kwa zile 300 za Vaal wangezimika karibu maili 20 kabla ya kufika, mlima Karthala wakiuona mbele, na mkondo ukiwarudisha nyuma.

Nilimpigia dada yangu nikamwambia kafika salama. Habari za jeti nilimweleza niliporudi, uso kwa uso, akanyamaza kitambo, kisha akanimiminia chai.

Basi jamaa zangu mnaopeleka mashine pwani kutoka huku juu, fungueni kabureta kwanza, na mafuta pimeni kule kule baharini, kwa mzigo wenu wote. Mungu awajaalie salama.